Mjomba, picha ni za siku za mechi tu

Shikamoo mjomba. Uliuliza kwenye grupu la familia kama kweli huku Marseille, Ufaransa, mambo yangu ni mazuri, maana kila picha niko kwenye jezi nyeupe na buluu, meno nje.

Siku nyingine sipigi picha. Naamka saa tisa usiku kwenda kusafisha maofisi. Nilipofika nilihangaika miezi mitatu kupata chumba: kwenye simu kipo, wakiniona sura kimeshachukuliwa. Hilo sikuwahi kuwaambia.

Hiyo jezi ni ya Olympique de Marseille, OM, timu ya mpira ya hapa iliyoanzishwa mwaka 1899. Mji huu ni bandari. Wameshukia hapa Waitaliano, Waarmenia, Waalgeria, na Wangazija wa Komoro wengi ajabu. Aliyenipeleka Vélodrome, uwanja wa OM, mara ya kwanza ni mzee wa Kingazija ninayefanya naye kazi. Yeye anasema madji, mimi maji, basi tunaelewana. Tulikuwa nyuma ya goli, Virage Nord, ambako hakuna anayekaa kitini. Bao lilipoingia, bibi mmoja wa Kizungu alinikumbatia mpaka miwani yake ikadondoka. Tukaitafuta wote chini ya viti, pamoja na kijana wa Kialgeria aliyesimama kushoto kwangu. Kesho yake kwenye basi, mama wa rika la yule bibi aliniona nimesimama karibu, akauhamishia mkoba wake upande wa pili.

Mzee wangu hachoki kusimulia fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya pale Munich, tarehe 26 Mei 1993: kona ya Abedi Pele wa Ghana, kichwa cha Basile Boli, mzaliwa wa Abidjan, AC Milan chali 1-0. Hakuna klabu ya Ufaransa iliyokuwa imelibeba kombe hilo kabla yao. PSG, timu ya Paris, wamelipata 2025, tena Munich hukohuko, lakini kwake wa kwanza ni wa kwanza. Ukimkumbusha kuwa mwaka uleule OM walivuliwa ubingwa wa ligi kwa kuhonga wachezaji wa Valenciennes, kisha wakashushwa daraja, ghafla anakumbuka ana simu ya kupiga.

Hela ya mwezi huu nitatuma tarehe tano, itapungua kidogo. PSG wanakuja, nimeshakata tiketi. Mama asijue.