Nyumba ilikuwepo kabla ya hifadhi ya mto: msamaha wake unaishia wapi?

Mleta mada anasema nyumba ya marehemu baba yake ilijengwa kabla ukanda wa mto haujatangazwa kuwa hifadhi, yaani eneo ambalo ujenzi wake umebanwa na sheria. Afisa kamwambia kwa mdomo tu kwamba "hiyo imesamehewa", na sasa anataka kuongeza vyumba viwili upande wa mtoni. Hapo juu naona nusu ya wachangiaji wanamwambia jenga, nusu wanamtisha kwamba atabomolewa hata alichonacho. Mimi ni mpima ardhi. Maombi ya aina hii nimeyapeleka mengi, na mengine yalikataliwa kwa makosa yangu mwenyewe.

Mkuu, kilichosamehewa ni jengo. Wewe hujasamehewa, wala kiwanja. Na ni jengo lile lilivyokuwa siku sheria ilipoanza: ukubwa wake, mahali lilipokaa, na matumizi yake. Ukibadilisha bati lililooza, ukapiga plasta upya, ukang'oa nguzo iliyoliwa na mchwa ukaweka nyingine palepale, kwa kawaida bado umo. Ukisogeza ukuta hatua mbili kuelekea majini, hizo hatua mbili ni ujenzi mpya na zitahukumiwa kwa sheria mpya. Kupandisha ghorofa juu ya msingi uleule nako sehemu nyingi huhesabiwa upanuzi, kwa hiyo usijifariji kwamba hujasogea. Nyumba ya kuishi ikigeuzwa baa, msamaha unaweza kwisha. Ikiachwa tupu muda mrefu, hivyo hivyo. Sheria nyingi huweka kikomo, mara nyingi mwaka mmoja.

Wengi hunaswa kwenye ukarabati mkubwa. Marekani, kwa mfano, kanuni zinazoendana na bima ya mafuriko zinasema gharama za ukarabati kwenye bonde la mafuriko zikifika asilimia 50 ya thamani ya jengo sokoni, ardhi isihesabiwe, jengo zima linatakiwa lifuate masharti kama jipya. Basi watu hukata kazi vipande vipande: mwezi huu paa, mwezi ujao ukuta. Afisa anayejua kazi yake hujumlisha.

Sasa niseme lililoniumiza. Mteja wangu alikuwa na baraza la zege nyuma ya nyumba na alitaka kulirefusha. Nilikwenda kupima kiangazi, mto umenywea katikati ya mchanga, nami nikaanzia kamba pale maji yalipo. Kwenye karatasi tulikuwa salama kabisa. Mkaguzi alipokuja, maji hata hakuyatazama. Alikwenda kwenye mti ulioinama ukingoni, akapitisha kidole kwenye gome mahali lilipobadilika rangi. Chini kulikuwa na kijivu cha matope makavu na majani yaliyonasa kwenye nyufa, juu gome safi. Akafuata usawa wa ile alama hadi kwenye ukingo, akang'oa kigingi changu, akakipigilia mita saba nyuma. Mita saba! Sehemu mpya yote ya baraza ikaangukia mahali pasiporuhusiwa zege. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza mita ngapi, nauliza zinaanza kuhesabiwa wapi: katikati ya mto, kwenye alama ya maji yanapojaa kwa kawaida, au juu ya ukingo. Kila sheria ina lake.

Mita zenyewe nazo hazifanani. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataja mita 60. Kanuni za maji za Kenya za 2007 zilitaja kati ya mita 6 na 30 kwa kufuata upana wa mto. Mto Chattahoochee unaopita Atlanta ulipewa sheria yake 1973, na ukanda wake ni futi 2,000 kila upande, yaani kama mita 610. Lakini ndani yake kuna tabaka: futi 50 za kwanza ni uoto usioguswa, hadi futi 150 hakuna sakafu isiyopitisha maji, kule nyuma unajenga kwa masharti. Kwa hiyo "niko ndani ya hifadhi?" ni swali nusu. Uliza uko tabaka lipi.

Kuna msamaha mwingine wa vitu visivyoweza kukaa mbali na maji: gati, pampu, daraja, bomba la umma. Huo husaidia wachache, ingawa kila mwenye mgahawa huapa kwamba meza zake haziwezi kuishi bila kuona mto.

Halafu kuna ruhusa maalumu, pale sheria inapokubana kupita kiasi. Hapa shida lazima itokane na ardhi yenyewe, kama mwinuko au umbo la kiwanja. Ukikata kiwanja ukauza upande wa barabarani, kisha ukalia kwamba umebakiwa na mtoni tu, hiyo shida umejitengenezea. Watauliza pia maji yako yataenda wapi. Ukijaza kifusi ukainua uwanja, mafuriko yatahamia kwa jirani wa ng'ambo, na jirani ana haki ya kuja kwenye kikao.

Kwako mleta mada: lile neno la afisa liombe kwa maandishi, liwe na ramani na vipimo. Tafuta picha za zamani za nyumba, risiti za kodi, picha za angani za miaka ile. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kisha chora vyumba vyako upande wa barabarani, na uombe kibali cha ujenzi kama kawaida, maana msamaha wa mto haugusi sheria nyingine.

Yule mteja wangu ndivyo alivyofanya mwishoni. Baraza alilikarabati kwa kipimo kilekile, jiko likahamia mbele. Kilichokubaliwa upande wa mtoni ni ngazi ya mbao ya kushukia majini tu.