Kiziwi ukialikwa mkutano wa nje, dai mkalimani kabla ya tiketi

Barua ya mwaliko ikifika, wengi wetu tunakimbilia kuuliza posho na tarehe ya ndege. Mimi nauliza kwanza habari ya mkalimani: ni nani, analipwa na nani, anatumia lugha gani ya alama? Waandaaji wakijibu kwamba "mkalimani atakuwepo", usishukuru bado. Unaweza kufika ukumbini Ulaya ukakuta wakalimani hodari kweli, ila wa lugha ya alama ya nchi ile, na wewe uliyekulia kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania ukashinda unatazama mikono tu.

Mikutano ya Shirikisho la Viziwi Duniani hutumia alama za kimataifa, yaani ishara za mikono za kuwakutanisha viziwi wa nchi mbalimbali. Hizo nazo usizichukulie kwamba kila kiziwi anazaliwa nazo. Zimechota sana kutoka lugha za alama za Ulaya na Marekani, na ukizoea za nyumbani tu utapotea dakika za mwanzo. Shirikisho huweka video zake mtandaoni, kwa hiyo zitazame kila jioni kabla ya safari. Na ukiwa na Waingereza usitegemee kutamka maneno kwa vidole, maana alfabeti yao ni ya mikono miwili.

Kwa mkutano wa wafadhili, ambako wengi wanasikia, ushauri wangu ni kusafiri na mkalimani wako. Watu hufikiria kazi yake ni kukuletea wanayosema wengine. Nusu nyingine ndiyo nzito: yeye ndiye sauti yako. Asiyezijua alama zako atakurusharusha, sentensi zako zitoke nusunusu, na mfadhili ataondoka akiamini kwamba kiongozi wa viziwi hana hoja. Nimekaa kwenye kikao nikieleza kwa nini watoto viziwi vijijini wanachelewa kuanza shule, nikaona nyuso za mezani zimepoa. Nikaomba kuisoma ile tafsiri kwenye skrini ya maandishi. Maelezo yangu ya dakika nzima yalikuwa yamekuwa mstari mmoja: "Shule ziko mbali."

Watakuambia bajeti haitoshi. Hapo andika barua, tena kwa adabu, ukiutaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 9 inawataja wakalimani wa lugha ya alama wenye taaluma, na Ibara ya 32 inataka ushirikiano wa kimataifa, miradi ya maendeleo ikiwemo, uwajumuishe watu wenye ulemavu na uwe rahisi kwao kuufikia. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009, na nchi nyingi za wafadhili wetu nazo zimeuridhia. Kama mkutano ni wa kutwa nzima, omba wakalimani wawili wapokezane kila baada ya dakika ishirini hivi. Ukimwacha mmoja peke yake, kufikia mchana mikono itaendelea kwenda lakini maana imeshachoka.

Kama mkutano uko Ulaya, viza ya Schengen, inayokuingiza nchi nyingi za huko, huombwa si chini ya siku 15 kabla ya safari, na bima ya safari iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Mkalimani wako naye aombe siku hiyohiyo. Kwenye dirisha la maombi ya viza afisa huongea nyuma ya kioo, mara nyingi kwa kipaza sauti, kwa hiyo nenda na karatasi iliyoandikwa tayari: wewe ni nani, unakwenda wapi, nani anagharamia.

Unapokata tiketi, omba ndani yake uwekwe msimbo DEAF, ambao mashirika ya ndege hutumia kwa abiria kiziwi. Usishangae ukishuka ukapokelewa na kijana aliyekuletea kiti cha magurudumu. Ana nia njema, mshukuru, kisha muonyeshe miguu yako. Unapobadilisha ndege, kaa panapoonekana ubao wa safari na uutazame mara kwa mara, kwani mabadiliko ya geti hutangazwa kwa sauti wakati wewe unakula biskuti zako.

Hotelini, waeleze mapokezi kwamba king'ora cha moto hutakisikia. Uliza kama wana chumba chenye king'ora cha taa. Kama hakipo, waandike namba ya chumba chako mahali ambapo hata mlinzi wa usiku ataiona.

Halafu kuna chakula cha jioni. Maamuzi mengi hupikwa hapo, si ukumbini, na wenzetu wa Ulaya wanapenda mishumaa mezani. Kiziwi kwenye mwanga wa mshumaa ni sawa na mtu anayesikia aliyezibwa masikio! Omba meza ya duara chini ya taa, na kubaliana mapema na mkalimani kuhusu saa za ziada na malipo yake, asije akaaga saa kumi na moja kama mkataba unavyosema.

Ukirudi, usiwaletee wanachama wa chama chako cha viziwi kurasa nyingi za Kiingereza. Wengi wao kusoma maandishi marefu ni kazi. Simama mbele ya ukuta usio na maua, vaa shati la rangi moja, jirekodi kwa Lugha ya Alama vipande vifupivifupi, na utume kwenye makundi ya WhatsApp ya matawi. Sema nani aliahidi nini na lini. Mkalimani aweke sauti yake kwenye video hizohizo kwa ajili ya wazazi wanaosikia, na kazi hiyo nayo ilipwe.