Kuku teriyaki baada ya job: sosi ndio ya mwisho

Dada umeuliza kama unaweza pika teriyaki, ile kuku ya Kijapani ya sosi tamu ya soya, bila mirin (divai tamu ya mchele) na bila oveni, na unafika kwa nyumba saa mbili usiku. Unaweza kabisa. Mimi natoka town, jam ya Thika Road inanimaliza kila siku, na bado tunakula kabla ya saa tatu.

Mara ya kwanza niliharibu vibaya. Nililoweka kuku kwa soya sosi na sukari tangu asubuhi, nikafika nikatupa yote kwa sufuria moto, dakika tano nje ni makaa ndani kwa mfupa bado damu, jirani akagonga mlango kuuliza ni nini inaungua. Sukari ndio ilikua inaungua. Wajapani wenyewe "teri" ni ule mng'ao na "yaki" ni kuchoma ama kukaanga, sasa mng'ao unakuja mwisho, kuku ikishaiva.

Nunua mapaja, sio kidari, kidari inakauka. Mwambie mwenye bucha akutolee mfupa lakini ngozi aiache, wengine wanaitoa tu bila kuuliza. Ukifika weka kwanza mchele kwa moto (pishori ya Mwea, inashikana kiasi, inaingiana na hii sosi vizuri sana), alafu panga kuku kwa frying pan ikiwa bado baridi, ngozi chini, bila mafuta, kwa sababu ngozi itatoa yake. Moto wa kati, dakika kama 8 hadi 10 na usiiguse guse, ukiona ngozi imekua kahawia geuza, ngoja zingine 5, ukidunga maji yatoke meupe bila damu.

Sasa mwaga yale mafuta ubakishe kidogo tu. Kwa mapaja 4 mimi huchanganya vijiko vikubwa 4 vya soya sosi, 4 vya maji, 2 na nusu vya sukari na siki tone tu. Ile utamu ya mirin ndio inaleta mng'ao, na sukari inafanya hiyo kazi bila kukumalizia pesa. Mwaga juu ya kuku, itatokota, endelea kuchota ukirudishia juu, povu zikianza kua kubwa na nzito na ukipitisha mwiko unaona chini ya pan, zima. Usiende kuangalia simu hapo. Ni dakika 3 hivi na ikipita inakua chungu.

Tangawizi weka ukipenda. Nanasi na kitunguu saumu ni mambo ya Wajapani waliohamia Hawaii, si mbaya, lakini siku ya kazi nani atamenya nanasi? Chumvi usiongeze kabisa, soya inatosha. Mimi hukatia sukuma kando, na kama kuna simsim kwa kabati narusha juu.