Enaji seva haziingii kwenye taa ya pangaboi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Pangaboi la sebuleni kwangu lina taa tatu, kila moja ndani ya kikombe cha kioo kinachotazama chini. Zamani zilikuwa na globu za wati 40. Ili LUKU isiishe haraka nikanunua enaji seva tatu za skrubu ndogo. Ya kwanza niliilazimisha ikapasua kioo, ya pili iliingia ila imekufa baada ya miezi miwili, ya tatu iko kabatini. Nivue vioo vyote? – Mama wa Tanga

JIBU: Nzuri, mama, na pole kwa kioo. Hebu itoe hiyo ya kabatini uitazame. Juu kidogo ya skrubu kuna bonge la plastiki nyeupe. Humo ndimo ilimo balasti, saketi inayowasha ile mirija, na ndiyo inayokwama, kwa sababu shingo ya kikombe chako ilipimwa kwa globu nyembamba. Hiyo iliyoingia nayo imeuawa na joto. Kikombe kikitazama chini, skrubu inakaa juu, na joto linapanda moja kwa moja hadi kwenye saketi na kukaa hapo. Nimeshatoa nyingi za namna hiyo kwenye vikombe vya mapangaboi, plastiki ya shingoni imegeuka kahawia na ukiibonyeza kwa kidole inapukutika.

Vioo viache. Nunua LED zenye umbo la mshumaa, skrubu ya E14, yaani hiyo hiyo ndogo, wati 5. Tumbo lake huwa na upana wa milimita 37 hivi, na mwanga wake unakaribia ule wa globu yako ya wati 40. Zipo pia za duara, milimita 45, lakini kabla ya kuzichukua kata ukanda wa karatasi, uupitishe shingoni mwa kikombe, uweke alama, uende nao dukani. Chagua yenye ganda jeupe kama maziwa, maana ile ya kioo angavu inaumiza macho ya aliyekaa kwenye kochi. Usikubali kuuziwa adapta ya kufungia globu ya skrubu kubwa. Taa itachungulia nje ya kikombe, na pangaboi linatikisika, kwa hiyo kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kulegea.

Kuhusu LUKU: taa tatu za wati 40 zikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku zinakula uniti 18 kwa siku 30. LED tatu za wati 5 zinakula uniti 2 na robo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nami siwezi kuliacha. Washa taa na pangaboi pamoja, halafu zungusha regulata kutoka kasi kubwa hadi ndogo. Taa zikififia pamoja na feni, aliyefunga alichukua umeme wa taa baada ya regulata. Globu za zamani zilivumilia hilo, LED haivumilii: itapepesa, kisha itakufa, nawe utadhani umeuziwa feki. Hapo mwite fundi avute waya wa taa peke yake kutoka kwenye swichi.

Na LED ikibaki na mwanga hafifu usiku wakati swichi imezimwa, huenda swichi inakata nyutro (waya wa kurudishia umeme) badala ya waya wa moto (unaouleta). Hiyo ni hatari, kwa sababu holda inabaki na umeme hata ukiwa umezima ukutani. Kwa hiyo kabla hujapanda ngazi zima meni swichi, usiitegemee ile ya ukutani, na subiri panga zisimame kabisa. Enaji seva iliyokufa ifungue kwa kushika plastiki, si mirija. Ukishafunga LED, iache iwake wiki moja, kisha zima tena meni swichi ukaze kila moja kidogo, kwani mtikisiko huzilegeza.

Enaji seva iliyobaki ifunge kwenye taa ya mezani iliyo wazi, inayopata hewa. Ina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika, watoe watoto chumbani, fungua madirisha robo saa, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, usifagie. Iliyokufa nayo usiichome na takataka.