Kopo la Kendal: maswali yenu kuhusu tumbaku ya kiko

*Je, Samuel Gawith, ambaye jina lake limeandikwa kwenye makopo ya tumbaku ya kiko, ndiye aliyeanzisha kampuni hiyo mwaka 1792?*

Sivyo. Mwaka huo ni wa Thomas Harrison, mwenyeji wa Kendal, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambaye alikwenda Glasgow kujifunza kusaga ugoro, akarejea na ujuzi pamoja na mitambo inayosimuliwa kuwa na uzito wa tani 50 hivi. Gawith aliingia kwa mlango wa ndoa, kwa kuoa katika ukoo wa Harrison, kisha biashara ikaja mikononi mwake. Baada ya kifo chake mwaka 1865 warithi walishindwa kwenda pamoja, na Kendal ikajikuta na kampuni mbili za ukoo mmoja, Samuel Gawith na Gawith Hoggarth, zilizoshindana hadi zilipoungana tena mwaka 2015. Kwa hiyo anayetaka kuielewa tumbaku yao ya kiko aanzie kwenye ugoro, kwa kuwa hapo ndipo walipozoea kulishughulikia jani lenye nguvu, jeusi, lenye harufu kali.

*Kwa nini tumbaku yao nyingine huja kama vipande bapa badala ya kuchambuliwa?*

Kwa sababu imeshindiliwa. Katika Full Virginia Flake, mojawapo ya tumbaku zao, majani ya tumbaku aina ya Virginia hupashwa joto na kukandamizwa kwa mashine mpaka yashikane kuwa bamba moja, ambalo hukatwa vipande vyembamba. Joto na mkandamizo hulitia jani weusi na kuupunguza ukali wake. Ukifungua kopo utakuta vipande virefu vya rangi ya kahawia iliyoiva, vimelazwa kimoja juu ya kingine, bado vina unyevu. Mvutaji huviacha vikauke kidogo, kisha huvifikicha kwa viganja kabla ya kujaza kiko. Wenye haraka hulalamika. Nadhani tumbaku hii haikutengenezwa kwa ajili yao.

*Mvuta kiko hauvuti moshi hadi mapafuni. Je, yuko salama?*

Hapana. Saratani ya mdomo, ulimi na koo haisubiri moshi ufike kifuani.

*Mimi ni mkulima wa Namtumbo. Nimesikia kwamba jani la Tanzania limo katika tumbaku hizo. Ni kweli?*

Ni kweli kwa ile iitwayo 1792 Flake, inayojulikana kwa jani la moshi kutoka Tanzania, pamoja na harufu ya mbegu ya tonka, inayokaribiana na vanila na nyasi zilizokatwa karibuni. Ninyi wa Ruvuma hamhitaji kufundishwa tofauti iliyopo: tumbaku ya mvuke, kama ile ya Tabora, hukaushwa kwa joto linalopita kwenye mabomba, moshi usiliguse jani, ilhali tumbaku ya moshi huning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, juu ya magogo yanayofukuta, hadi moshi wenyewe uingie ndani ya jani. Msiichanganye na Latakia iliyomo katika Squadron Leader, tumbaku yao nyingine. Hiyo nayo hufukizwa, lakini ni jani dogo la Mashariki lililopewa jina la bandari ya Syria, na siku hizi hutoka Saiprasi. Harufu yake ni ya ubani na ngozi, nyepesi kuliko ile inayowabakia ninyi kwenye nguo mtokapo banini.