Mnauliza, Tunajibu: Bendi saba usiku mmoja, na mama wa Njiro

SWALI: Mambo vipi. Sisi tuko Sakina hapa Chuga (Arusha), tuna kilebo chetu kidogo tunarekodi bendi za rock ambazo redio hazigusi kabisa. Sasa tunataka tufanye shoo moja ya kuzitambulisha, tumepata bendi saba, mbili zinatoka Moshi, tunaanza saa kumi jioni tunakesha, kila bendi inakuja na vyombo vyake. Tupeni ushauri kabla hatujalipia ukumbi. (Chalii wa Sakina)

JIBU: Poa sana chalii wangu, ila saba hapana aisee. Kata zibaki tatu, zikizidi sana nne. Najua kuna watakaonuna, wacha wanune, watapiga shoo ijayo. Hii shoo ni ya lebo, mtu akitoka pale anatakiwa aende home anajua kwamba Sakina kuna watu wanaojua kuchagua muziki, na hilo hatalijua kama amesikiliza bendi saba zimebanana dakika ishirini ishirini huku fundi mitambo anahangaika na waya. Sub Pop wa Seattle kule Marekani walipokuwa bado lebo ya kuungaunga, tarehe 9 Juni 1989 waliingia Moore Theatre na bendi zao tatu tu, Mudhoney, Tad na Nirvana, na hao Nirvana ambao leo kila mtu ana tisheti yao ndio waliofungua. Siku chache baadaye ikatoka albamu yao ya kwanza, Bleach, iliyorekodiwa kwa dola 606.17, hela ambayo hata nyie mnaweza kuitafuta mkaipata. Kwa hiyo msimdharau anayeanza, na msipange ratiba kwa kuangalia nani ana wafuasi wengi Instagram.

Hili la kila bendi na vyombo vyake ndio litakalowamaliza. Wekeni drams seti moja, ampu (zile mashine za kukuza sauti) mbili za gita na moja ya besi, zikae hapohapo jukwaani mpaka mwisho. Mpiga drams aje na snea yake (ile ngoma ndogo ya mbele yake), simbali na pedali ya mguu, wa gita waje na gita na pedali zao za kubadilisha sauti, basi. Bila hivyo kila bendi ikishuka mnakaa nusu saa mnafunga na kufungua, watu wanatoka nje kula mishkaki na kurudi hawarudi. Halafu saundi cheki, yaani kujaribu sauti kabla ya shoo, ianzie kwa bendi itakayofunga shoo, imalizikie kwa ile itakayofungua, kwa sababu ukifanya hivyo maiki na vyombo vinabaki vimepangwa tayari kwa anayeanza. Mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ikiwa ya kizamani fundi abandike tepu chini ya vinobu vya kuzungusha aandike kila laini ni ya nani, na akimaliza kucheki bendi moja aipige picha mikisa yote kwa simu, zamu yao ikifika anavirudisha vinobu kama vilivyokuwa kwenye picha. Ikiwa ya dijitali nzuri zaidi, nyingi unachomeka laptopu kwa waya wa USB unarekodi kila chombo na laini yake, hiyo kesho yake ni mali ya lebo mnaweza kuitoa kama albamu ya laivu, na bendi zikubali kwa maandishi KABLA hazijapanda.

Na umeme jamani. Tafuteni fundi umeme apime ethi ya ukumbi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, maana ampu ikikosa ethi mwimbaji ameshika gita akisogeza mdomo kwenye maiki anapigwa shoti ya midomo, na hapo ndio mwisho wa shoo.

Kibali muanze mapema kwa afisa utamaduni, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) wanahusika pia. Kukesha sahauni, jirani ataita polisi na wale wa Moshi wana kilomita 80 za kurudi. Anzeni saa kumi kweli, saa nne usiku mmeshazima.

SWALI: Napiga besi, niko Pasua, Moshi. Promota mmoja kanipa tiketi 40 anasema niziuze mwenyewe ndio bendi yetu ipande, zisipoisha nafidia mimi. Ndio utaratibu?

JIBU: Mrudishie tiketi zake leo. Hapo anayebeba hasara ni wewe na anayeitwa promota ni yeye, ajabu hii. Utaratibu wa kueleweka ni mnaandika gharama kabla, kiingilio kinalipa gharama kwanza, kinachobaki mnagawana. Tuseme wamekuja watu 80 kwa 5,000, hiyo 400,000, ukumbi na mitambo 220,000, inabaki 180,000. Bendi tatu 40,000 kila moja, waandaaji 60,000. Ndogo ndio, lakini unajua imetoka wapi, na nauli ya anayetoka mbali iingie kwenye gharama isimkute mfukoni.

SWALI: Hamjambo wanangu. Kijana wangu kajiunga na bendi ya hiyo metali, rock nzito, anaunguruma chumbani kama ng'ombe. Sisi ni walokole, baba yake anasema ni pepo. (Mama wa Njiro)

JIBU: Shikamoo mama. Pepo hapana, huko kuunguruma ni ufundi wa koo na kuna watu wanaufundisha. Usiwe na hofu nao ila mfuatilie, koo likimuuma apumzike, anywe maji mengi, asilazimishe. Rock kwetu sio ngeni kihivyo, Dar miaka ya 70 kulikuwa na bendi ya Sunburst wakatoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, Zambia walikuwa na WITCH, na majuzi tu wale Duma wa Nairobi, ambao wanaunguruma kuliko huyo wako, albamu yao ya 2020 ilitolewa na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Muombe akuandikie maneno ya nyimbo uyasome na baba yake, maana kwa kusikiliza tu hamtashika hata neno. Akiwa na shoo nendeni, mkae nyuma karibu na fundi mitambo, pale ndio sauti inakaa sawa, na pitieni famasi mchukue vizibo vya masikio, mzee umpe kabla hamjaingia sio baada.