Usiiruke sitrulini

Wiki hii msomaji anayesoma baiokemia ameniandikia: "Dada, hizi asidi amino zisizo za protini nizisome au niziache? Mwalimu kazipitia juujuu." Swali hilohilo niliwahi kuuliza darasani, nikajibiwa mbele ya wenzangu kwamba nimalize kwanza zile 20 zinazojenga protini ndipo nijifanye mtafiti. Darasa zima likacheka. Bado linaniuma. Leo ndiyo mada ninayoifundisha, tena naifundisha vizuri, acha nijisifu.

Mdogo wangu, anza na sitrulini. Wanakemia wa Japani waliipata kwenye tikiti maji mwaka 1914. Haina kodoni, yaani herufi tatu za kijenetiki za kuiita, kwa hiyo ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, haiwezi kuipachika kwenye protini. Shika kalamu, chora arjinini, mojawapo ya zile 20. Kwenye ncha ya mnyororo wa pembeni utaona kaboni iliyoshikana na nitrojeni 3, na ncha hiyo ina chaji chanya. Ondoa nitrojeni moja ya pembeni, weka oksijeni yenye kifungo maradufu. Chaji imeondoka, umepata sitrulini. Mimi nilichora mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyenielekeza.

Kisha ifuate nitrojeni. Ndani ya mitokondria (vyumba vidogo vya nishati ndani ya seli) za ini, asidi amino iitwayo onithini, ambayo nayo si ya protini, hupokea nitrojeni iliyotoka kwenye amonia na kuwa sitrulini. Sitrulini hutoka nje ya mitokondria, huongezewa nitrojeni nyingine kutoka kwa aspateti, asidi amino nyingine, huwa arjinini, halafu hukatwa: urea, taka yenye nitrojeni, huenda kwenye figo, onithini hurudi kazini. Mwanabaiokemia Hans Krebs aliueleza mzunguko huu mwaka 1932 pamoja na Kurt Henseleit, mwanafunzi wa udaktari. Mwanafunzi, umesikia? Walitia onithini kidogo kwenye vipande vyembamba vya ini, urea ikaongezeka sana, ila onithini yenyewe haikuisha. Mzunguko ukikwama, amonia hujaa kwenye damu na kuudhuru ubongo.

Halafu kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali, vinavyoigeuza arjinini kuwa sitrulini ikiwa tayari imo ndani ya protini. Wagonjwa wengi wa baridi yabisi ya viungo wana kingamwili zinazoshambulia protini hizo, na kipimo cha damu huzitafuta. Utairukaje?

Acheni kuuliza kama kitu kitatoka kwenye mtihani. Chora, futa, chora tena. Ukimaliza, chora glutameti, nayo ni mojawapo ya zile 20, kisha ondoa kaboksili (kundi la COOH) iliyo jirani na nitrojeni. Hiyo ni GABA, inayopunguza msisimko wa neva za ubongo, nayo ribosomu haiitaki.